Makosa Tuliyoyakamata Dirishani

Aliyeshona joho la yule shujaa hakuwa fundi. Nasema hivyo nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani miaka mingi, na sisemi kwa wivu. Kuna mahali shujaa anaruka kutoka ghorofani akiwa na joho lenye pindo pana, zuri, limenyooka. Akitua chini pindo halipo, kitambaa kimekatwa hivi hivi na nyuzi zinaning'inia. Maana yake yalikuwepo majoho mawili, la kurukia na la kutulia, na hakuna aliyejisumbua kuyalinganisha. Mteja wa kijijini kwetu Machochwe ukimfanyia hivyo anakurudishia nguo yako siku ya mnada, mbele za watu.

Tamthilia yenyewe ni ya zamani, ya kabla mimi sijazaliwa, rangi zimepauka mpaka nyasi zinaonekana za njano. Shujaa ana kinyago cha macho na mkanda wa ajabu unaompa nguvu, na kazi yake ni kuokoa jiji moja ambalo halikomi kuvamiwa. Mume wangu aliikuta sokoni Mugumu imejazwa kwenye flashi, ikiwa na sauti ya mtafsiri, mmoja wa wale vijana wanaoshika kipaza sauti na kusimulia filamu kwa Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe. Huyu wetu alikuwa mwongo wa kuchangamsha. Mkanda wa shujaa ukibadilika kutoka kifungo cha duara kuwa cha mraba katikati ya ngumi, yeye, anayemwita shujaa steringi, anasema, "Steringi kabadilisha gia," na mchezo unaendelea.

Sisi hatukudanganyika. Tulikuwa na mchezo wetu tuliouita kukamata. Anayeona kosa kwanza anasema "nimekamata", na aliyechelewa anaosha vyombo. Mwanaume wa Kikurya kuosha vyombo si habari ndogo, kwa hiyo tulifunga mlango kwanza. Nilimkamatia kamba inayomnyanyua shujaa. Yeye akanikamatia mlima unaotikisika mlango wa pango ukibamizwa, kwa kuwa mlima ulikuwa kitambaa. Tulikamata gari moja la kijani likianguka kwenye korongo lilelile katika sehemu tatu tofauti, kila safari likiwa na adui mwingine ndani. Tulikamata askari aliyekufa akijikuna pua. Nilicheka kwenye ile nyumba kuliko nilivyowahi kucheka kwetu Kahama, ambako ndiko alikonikuta alipokuja kuchimba dhahabu kabla hajachoka na mashimo na kunileta kwao kulima na kufuga.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wana msemo kwamba steringi hafi. Mume wangu hakuwa steringi. Aliugua ini wakati mahindi yanapandwa, na yalipoanza kukomaa tukamzika.

Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Nyanungu. Kwa hiyo kwenye boma lile tulibaki watu wawili, mimi na baba mkwe, na kama hujaishi na Wakurya utasema basi afadhali, mlikuwa wawili. Subiri kwanza. Kwa Wakurya, baba mkwe na mkamwana wake hawazoeani. Wanaiita ensoni, heshima na aibu vikiwa kitu kimoja. Yeye haingii nyumbani kwangu, mimi siingii kwake. Hatupeani mkono. Tukikutana njiani napisha na kuinamisha macho, na kumkazia mkwe wako macho usoni ni kumvua nguo. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nikampa shikamoo nikiwa nimegeukia pembeni, akaitikia marahaba, nikaondoka. Mwanzoni nilidhani ananichukia. Mume wangu alicheka akasema mzee anayenichukia angenitazama.

Nilimjua kwa viatu vyake vya matairi, kwa fimbo, kwa kikohozi cha asubuhi. Ukiniletea uso wake katikati ya nyuso kumi ningeshindwa kuuchagua.

Baada ya matanga nyumba ilinyamaza. Nilikuwa mpweke, na sioni kwa nini nilifiche hilo. Wanawake majirani walikuja, wakanipa pole, wakaongea Kikurya wao kwa wao mpaka wakanisahau, wakaondoka. Mchana nilikuwa na cherehani, na cherehani inapiga kelele za kutosha. Jioni ndiyo iliyonishinda. Ng'ombe wakisharudi zizini, moshi ukianza kupanda, nilikuwa nawasha tivii ya sola na kuangalia shujaa wangu. Makosa nilikuwa nayaona yote, nikiyameza. Ukiona kosa na huna wa kumwambia, linakukaa kifuani mpaka unajuta kuliona.

Jioni moja ilikuwa ile sehemu ambayo shujaa anarudishwa enzi za kale kwa mtambo, akapelekwa mbele ya mfalme mwenye taji na mkuki. Mfalme akanyoosha mkono kutoa amri. Nikaona nilichokuwa nakijua, nikanyamaza. Ndipo sauti ikatoka dirishani, nyuma ya kichwa changu.

"Saa," ilisema. "Huyo mfalme wa zamani amevaa saa."

Baba mkwe alikuwa amebeba kigoda chake akakaa nje, chini ya upenu wa bati, usawa wa dirisha lililokuwa wazi. Kiti changu kilikuwa ndani, kimeegemea ukuta uleule. Wote tulikuwa tumeelekea tivii, ukuta upo katikati yetu. Yeye aliiona picha, mimi hakuniona. Mimi nikiangalia mbele, simwoni yeye. Hakuna mila iliyovunjwa hata kidogo. Nilifikiri haraka nikajibu kwamba nimeiona, baba. Yalikuwa maneno yetu ya kwanza yasiyo salamu wala chakula.

Kesho yake alikuja tena. Keshokutwa nikaisogeza meza ya tivii kidogo ili kona ya dirisha isimzibie, na nikaongeza sauti. Hatukuambiana lolote kuhusu jambo hilo. Ikawa desturi yetu.

Mzee alikuwa na makosa ya kwake ambayo mimi na mume wangu hatukuwahi kuyaota. Farasi, kwa mfano. Kwangu mimi farasi ni farasi. Yeye aliangalia mbio moja ya jangwani akasema huyo farasi siye yule aliyetoka mjini, wa kwanza alikuwa na baka jeupe kama soksi mguu wa nyuma wa kushoto, huyu analo kulia. Halafu akaongeza kwamba adui naye leo amempanda farasi wa polisi wa juzi, na mtu asiyejua mnyama wake na wa jirani apewe kuku achunge. Niliirudisha nyuma kwa rimoti, nikaangalia, na ilikuwa kweli.

Makosa mengine yalikuwa ya Kikurya tupu. Kuna sehemu shujaa, akiwa amevua kinyago na kuvaa suti ya kazini, anapelekwa kwa wazazi wa mchumba wake. Mama wa msichana anafungua mlango, shujaa anamshika mkono, anambusu shavuni. Kisha nikasikia nje, kwa sauti ya mtu aliyemfumania mwizi, "Kosa." Nilijaribu kumweleza kwamba hilo si kosa la watengenezaji, huko kwao ndivyo wanavyosalimiana. Akaniambia kosa ni kosa, na kama hawakujua wangeuliza watu. Kuanzia siku hiyo, kila shujaa alipopatwa na balaa, mzee alisema ni kwa sababu ya yule mama mkwe.

Kosa lililomuudhi zaidi ya yote lilikuwa kinyago. Shangazi aliyemlea shujaa anaongea naye kwenye kila sehemu, anampikia, anamfulia, na shujaa akivaa kile kitambaa cha machoni shangazi hamjui tena. Mtafsiri naye anashabikia: "Bibi kapotea maboya!" Mzee hakucheka. Alisema mtu uliyemlea utamjua hata kwa kisigino. Siku hiyo aliondoka kabla sehemu haijaisha, na nikajua aliyekuwa anafikiriwa hakuwa shujaa.

Kaka zangu walipiga simu kutoka Kahama. Walisema nirudi, nimekaa ugenini bila mume na bila mtoto, nangoja nini. Walikuwa na haki ya kuuliza. Nilijibu nina nguo za watu sijamaliza kushona, nina mahindi, tembo wanashuka kutoka hifadhini siwezi kuacha shamba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja jioni. Ningewaambiaje wanaume wazima kwamba nabaki Machochwe kwa sababu kuna mtu nje ya dirisha langu anayekamata makosa?

Tulimaliza flashi nzima, tukaanza upya, tukamaliza tena. Yalikuwepo mambo mengine pia ambayo niliyaona na sikuyaona. Mzee aliacha kwenda malishoni, akamwachia kazi yote mchungaji wa kuajiriwa. Mara kadhaa nilikuta bakuli la mboga limemwagika pale kigodani. Akija dirishani alipapasa ukingo wa ua wa miiba kwa fimbo, taratibu, mpaka akafika. Nilisema moyoni mzee amechoka, amefiwa na mwanawe, nani asingechoka.

Kisha tivii ikaharibika. Ilikuwa jioni kama nyingine, tumeanza sehemu ya mfalme, mara kioo kikazimika. Sauti haikuguswa. Muziki uliendelea, ngumi ziliendelea, mtafsiri aliendelea kupiga kelele zake, lakini kioo chote kilikuwa cheusi. Nilisubiri mzee alalamike. Nilikuwa hata nimeandaa jibu, kwamba ni betri, nitaita fundi.

Mfalme akatoa amri yake gizani.

"Ona ile saa," mzee akasema. "Bado hajaivua tu."

Nilitazama kioo cheusi. Akaendelea: kile kivuli cha mpiga picha, kile pale ukutani, umekiona? Halafu farasi, soksi imehamia kulia. Kila kosa kwa wakati wake, hakukosea hata moja, maana mtafsiri alimwambia tumefika wapi na mengine alikuwa nayo kichwani. Nilijibu nimeona, baba. Nimeona. Nilijikohoza ili sauti isinisaliti.

Mimi ndiye niliyekamata kifungo kilichobadilika kutoka duara kuwa mraba. Mimi ndiye niliyejua maiti ya askari inajikuna pua. Na mtu anayekuja dirishani kwangu kila jioni alikuwa amepofuka, sijui tangu lini, na sikuona, kwa sababu nilikuwa mkamwana mwenye adabu. Nilikasirika. Niliikasirikia mila, nikamkasirikia yeye kwa kunificha, nikajikasirikia mimi, na hasira zote hizo hazikuwa na pa kwenda.

Ningefanya nini? Kumuuliza mkwe wako kama anaona ni kumwambia umemchunguza macho. Kwa hiyo sikusema, na sikupeleka tivii kwa fundi. Jioni iliyofuata niliiwasha hivyohivyo. Akaja, akakaa, tukaanza. Kwa jioni kadhaa tulikaa mbele ya kioo cheusi tukikamata makosa, mimi nikijifanya tivii ni nzima, yeye akijifanya macho yake ni mazima. Tulishindana hata. Nikiwahi kamba ya kumnyanyua shujaa, alinung'unika kwamba leo nimemwahi. Ulikuwa upweke wa ajabu, wa watu wawili wanaofichana giza moja, na bado sikutaka uishe.

Uliisha kwa sababu ya ng'ombe. Walikuwa wanaingia zizini jioni, yeye amesimama katikati ya njia, na hakusogea. Mchungaji alipiga kelele kwa Kikurya. Mzee aligeukia upande usio sawa, dume likampitia begani akaanguka. Hakuumia. Lakini nilikuwa mlangoni kwangu, nimeona, na sikuweza kwenda kumshika mkono nimwinue. Mchungaji ndiye aliyemwinua. Usiku huo huo nilimpigia simu wifi yangu.

Alikuja kutoka Nyanungu, akamshika baba yake mkono kwa haki ya binti, akampeleka hospitali Mugumu. Waliporudi wifi alikuwa amevimba macho kwa kulia. Ilikuwa presha ya macho. Ilianza zamani, imeshamaliza mshipa wa macho, na daktari alisema kilichopotea hakirudi. Wangewahi labda kingebaki kidogo. Wifi akaniuliza, huku amesimama jikoni kwangu, inakuwaje ninaishi naye kila siku na nisione. Nikamwambia mimi huwa simwangalii. Kwa Mkurya hilo lilikuwa jibu sahihi kabisa.

Alilosema baadaye ni kwamba atamchukua. Asubuhi wataondoka pamoja kwenda Nyanungu, akaishi kwake. Kipofu anahitaji mtu wa kumshika mkono, wa kumwelekeza chakula kilipo, wa kumvalisha shati upande unaotakiwa, na mimi hayo siruhusiwi. Hakusema kwa ubaya. Alisema na mimi pia niko huru sasa, nirudi kwetu, bado nina nguvu. Nilikubali kwa kichwa. Mzee akiondoka, kilichobaki pale Machochwe kilikuwa kaburi, cherehani na tivii isiyo na picha.

Jua lilikuwa bado halijazama mzee aliponiita. Wifi alikuwa nyumbani kwa baba yake anakunja nguo. Mimi nilikuwa ndani, sikuwa nimewasha chochote. Nikasikia kigoda kinatua chini ya dirisha, kisha fimbo ikiegemezwa ukutani. Hakuzungumzia tivii. Aliniambia kwanza kwamba alianza kupoteza macho mwanawe akiwa mgonjwa, na hakutaka kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Baadaye aliendelea kuja dirishani kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya, na kukamata makosa ndiyo sababu pekee ambayo baba mkwe angeweza kuitoa. Mimi nikamwambia tivii ilikuwa imekufa. Nikamsikia anacheka kidogo puani, akakohoa.

"Ensoni ni ya macho," akasema. "Yangu yamekwisha, yamebaki ya kwako. Toka nje uje unitazame. Kama baada ya hapo utaweza kuishi na mimi na kunishika mkono, nitabaki. Kama huwezi, kesho naenda na binti yangu, na sitakulaumu."

Nilitoka. Nilizunguka ukuta nikiwa naangalia chini, kama nilivyozoea, mpaka nikaviona viatu vya matairi. Nikasimama. Niliona magoti, kisha mikono miwili imewekwa juu ya magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho yaliyokufa. Nilijiambia hata yakiwa meupe, hata yakiwa ya kutisha, nisishtuke kwa sauti, mzee asisikie. Nikainua uso.

Niliyemwona ni mume wangu. Nyusi zilezile zinazokaribia kukutana. Shavu la kushoto lenye kishimo, hata akiwa hacheki. Mdomo wa chini unaotangulia kidogo, wa mtu anayetaka kubishana. Ndevu zilikuwa nyeupe, ngozi imejikunja shingoni, meno ya mbele yamepungua, lakini alikuwa yeye, amezeeka, ameufikia ule umri tuliokuwa tukitaniana tutafika, mimi nikiwa mnene na yeye akiwa mkorofi. Boma zima, kijiji kizima kilijua kwamba wanafanana hivyo. Hakuna aliyeona haja ya kuniambia, kwa sababu nani angedhani sijui.

Nililia bila kutoa sauti. Nilimwangalia paji la uso, nikarudi kwenye nyusi, nikashuka tena. Nilikuwa na njaa ambayo sikujua ninayo. Upande wa pili wa boma wifi alikuwa anauliza kama kuna kamba ya kufungia begi, na sikumjibu.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Bado, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akauinua uso kidogo kuelekea sauti yangu ilikotoka, akatulia ili niendelee.